Mshipa Unaokatwa Si Ule Unaouogopa: Maswali Yenu Kuhusu Mguu Kifundo

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mguu kifundo: mtoto amezaliwa unyayo umegeukia ndani na kuelekea chini, kisigino kimepanda juu. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huja na hali hiyo. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao wamepinda miguu yote miwili. Matibabu yanayofuatwa leo katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, ni ya Dk. Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani: hogo (wengine mnaliita P.O.P.) linalobadilishwa kila wiki, mkato mdogo juu ya kisigino, kisha viatu vyenye chuma. Tumechagua barua nane. Asiye na nafasi ya kuzisoma zote aanze na ile ya viatu, maana hapo ndipo miguu mingi inapopotelea.

Mtoto wangu ana wiki saba na yuko kwenye hogo la tano. Juzi daktari kaniambia wiki ijayo watamkata mshipa wa kisigino, halafu akaita mgonjwa mwingine. Sijalala tangu siku hiyo. Mtu akikatwa mshipa si anapooza, au damu inamwagika? Na atatembeaje?
*Mama N., Morogoro*

Pole sana, mama. Neno "mshipa" ndilo lililokunyima usingizi. Kwetu mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, hata ngiri tunaiita mshipa. Kinachokatwa hapa si kimojawapo cha hivyo. Ni kano. Shika mguu wako mwenyewe kwa vidole viwili, nyuma, juu kidogo ya kisigino: utakuta kitu kigumu kama kamba iliyovutwa. Hiyo ndiyo yenyewe. Ukipita buchani ukamwona mbuzi amening'inizwa kichwa chini, ndoano imepita kati ya kano hiyo na mfupa, na ndiyo iliyobeba uzito wote. Kazi yake ni kukiunganisha kigimbi na mfupa wa kisigino.

Kwa mtoto mwenye kifundo kano hiyo ni fupi na imekaza, ndiyo maana kisigino kimepanda. Mahogo matano yameshanyoosha sehemu nyingine zote, kwa kuwa viungo vya mtoto mchanga ni laini na vinakubali kuvutwa kidogo kidogo. Kano ya kisigino ni nene na haikubali. Daktari akiulazimisha unyayo upande juu kabla ya kuikata, kisigino kitabaki kilekile na unyayo utavunjikia katikati, chini uwe wa mviringo kama tumbo la mtumbwi. Mguu wa namna hiyo ni kazi kubwa kuurudisha. Kwa hiyo watoto wanane hadi tisa kati ya kumi wanahitaji mkato huu. Usidhani mwanao ana hali mbaya kuliko wengine, au kwamba mahogo yameshindwa. Umefika hatua ya kukatwa kwa sababu yamefanya kazi.

Siku yenyewe huwa hivi. Mtoto wa umri huo kwa kawaida hapewi dawa ya usingizi. Hupakwa dawa ya ganzi ya kupaka, ambayo inahitaji kama saa moja kufanya kazi, au huchomwa sindano ndogo ya ganzi, au vyote viwili. Msaidizi anamshika mguu goti likiwa limekunjwa, anauinua unyayo ili kano isimame. Daktari anaingiza kisu chembamba kando ya kano, sentimeta 1 hadi 1.5 juu ya mfupa wa kisigino, na kuikata yote. Anasikia kwa kidole inapoachia, na papo hapo unyayo unapanda nyuzi 15 hadi 20 zaidi. Usipopanda, maana yake kuna nyuzinyuzi za kano zimebaki, na anazimalizia palepale. Tundu ni dogo, mara nyingi hata halishonwi. Linabanwa kwa pamba dakika chache mpaka damu ikome, kisha linawekwa hogo la mwisho.

Hogo hilo halibadilishwi kila wiki. Linakaa wiki tatu, na humo ndani ncha mbili za kano zinaunganishwa na nyuzi mpya. Kano inarudi, ila sasa ni ndefu. Mtoto atasukuma ardhi nayo anapotembea, atakimbia nayo, atapanda nayo mwembe.

Ukifika nyumbani utaona doa la damu kwenye hogo upande wa kisigino. Chukua kalamu, lizungushie mstari na uandike saa. Doa la ukubwa wa sarafu linalogeuka kahawia ni la kawaida. Likizidi kuvuka mstari, au likiwa jekundu bichi na lenye majimaji, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu huwa ya siku moja au mbili, na dawa yake ni paracetamol. Kipimo kinaenda na uzito, hakiendi na umri: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 4 anahitaji miligramu 60. Kwa sharubati ya miligramu 120 katika mililita 5 hiyo ni mililita 2.5, ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, siyo kijiko cha chai. Soma lebo kabla, kwa sababu matone ya watoto wachanga huwa makali mara kadhaa kuliko sharubati. Na kwa mtoto wa umri wa mwanao, mwombe daktari akuandikie kipimo hicho kwenye karatasi kabla hujatoka. Usimpe aspirini.

Mke wangu amejifungua siku kumi zilizopita, mguu wa kulia wa mtoto umepinda. Mama mkwe anamkanda kila jioni kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, anasema ukoo wao umenyoosha miguu mingi hivyo. Anataka tusubiri afikishe mwaka kwanza. Sitaki ugomvi na mkwe wangu. Nifanyeje?
*Baba wa kwanza, Tabora*

Mama mkwe hakudanganyi, inawezekana kabisa ameinyoosha kwelikweli. Kuna watoto wanaozaliwa unyayo umepinda kwa sababu tu walibanwa tumboni. Unyayo wa aina hiyo ukiushika kwa kidole kimoja unaenda kote, kisigino kinashuka, na ndani ya wiki chache unakaa sawa, akandwe asikandwe. Kifundo cha kweli ni kigumu. Ukiusukuma unarudi, kisigino kinaonekana kidogo na kitupu kama hakina mfupa, na mara nyingi kuna mkunjo mzito wa ngozi nyuma ya kisigino au katikati ya unyayo.

Hatari ya kukanda kifundo cha kweli iko kwenye mkono unaposhika. Mtu asiyefundishwa hushika kisigino kwa mkono mmoja na vidole kwa mwingine, kisha anausokota unyayo kwenda nje. Kisigino kilichoshikwa hakiwezi kuzunguka, basi unyayo unapindia katikati na ndani kabisa tatizo linabaki. Mtaalamu hakigusi kisigino. Anaweka dole gumba juu ya kifupa kinachojitokeza upande wa nje wa mguu, mbele ya kifundo cha mguu, na kuuzungusha unyayo wote kukizunguka kifupa hicho.

Kuhusu kusubiri: kila wiki inayopita viungo vinakaza. Anayeanza akiwa na wiki moja au mbili kwa kawaida humaliza kwa mahogo matano au sita. Anayeanza akiwa na mwaka bado anatibika kwa njia hiyohiyo, hata wanaokwisha kutembea wanatibika, lakini mahogo yanaongezeka na kuna uwezekano mkubwa wa kuhitaji dawa ya usingizi siku ya mkato. Mwombe mama mkwe akusindikize kliniki, aone mwenyewe jinsi mguu unavyoshikwa. Bibi aliyeona kwa macho yake ndiye atakayewalindia matibabu nyumbani. Tanzania huduma hii ipo CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi, miongoni mwa hospitali nyingine. Ulizeni hospitali yenu ya rufaa ni siku gani ina kliniki ya miguu kifundo. Huko mtoto akaguliwe pia mgongo na nyonga, kwani mara chache kifundo huja pamoja na mgongo wazi au tatizo la viungo vingine.

Hogo la mwanangu limeteleza. Jana vidole vilikuwa vinaonekana vyote, leo naona kidole gumba tu. Kliniki ni Alhamisi, leo ni Jumatatu. Nisubiri? Na namwogeshaje katika joto hili?
*Mama Z., Likoni*

Usisubiri Alhamisi. Vidole havikurefuka wala kufupika. Hogo limeshuka, na sasa kisigino cha mtoto kimepanda ndani yake na kukaa mahali palipoumbwa kwa ajili ya kifundo cha mguu. Hogo la hivyo halishikilii tena, linabana pasipotakiwa na linachimba kidonda. Nenda leo. Kama hufiki leo, piga simu kliniki uombe ruhusa ya kulitoa nyumbani. Mguu kukaa siku mbili bila hogo ni hasara ndogo kuliko kidonda, kwa sababu kidonda kinasimamisha matibabu yote mpaka kipone.

Kulitoa: beseni la maji ya uvuguvugu, mguu uloweke dakika 20 hadi 30, wengine huongeza siki kidogo. Tafuta ncha ya bandeji, kisha fungua ukizungusha kinyume. Usitumie kisu, wembe wala mkasi, hata ukiona panakatika kirahisi. Siku za kawaida za kubadilisha, kama kliniki yenu inataka mje mmeshalitoa, litoeni asubuhi ya siku hiyo, siyo usiku uliotangulia. Unyayo unarudi nyuma kwa saa chache tu.

Hogo lazima lipande mpaka pajani, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Kuna mama wanaoomba lile fupi la chini ya goti kwa sababu ya joto. Hilo fupi ndilo linaloteleza, tena haliwezi kuuzuia mguu usizunguke kurudi ndani.

Likiwa jipya, angalia vidole kila saa kwa saa sita za kwanza, baadaye mara nne kwa siku. Bonyeza kidole mpaka kiwe cheupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi tazama chini ya kucha na upande wa unyayo. Vidole vikiwa baridi, vimevimba, vya buluu au vyeupe visivyorudi rangi, nenda hospitali muda huohuo, hata ikiwa usiku. Harufu mbaya, homa isiyo na sababu nyingine na ngozi iliyochubuka kwenye ukingo pia si mambo ya kungoja.

Plasta inashika dakika chache lakini inakauka kabisa kwa siku moja hadi mbili. Muda huo ilaze juu ya mto au khanga zilizokunjwa, kisigino kikining'inia nje ya ukingo kidogo, kisilalie kitu kigumu. Kuoga ni kwa kitambaa chenye maji, mwili mzima isipokuwa miguu. Nepi ibaki juu ya ukingo wa hogo, isiingizwe ndani, na ibadilishwe mara kwa mara, maana mkojo ukishaingia humo hautoki. Usinyunyize poda ndani, inaganda na jasho kuwa chembe zinazokwaruza. Na kwa joto la Pwani vua nguo nyingine kabla ya kulilaumu hogo: mtoto mwenye mahogo mawili na fulana moja amevaa vya kutosha.

Mtoto wetu ana miezi 11, tulichelewa kuanza. Mkato wake utafanywa kwa dawa ya usingizi. Nesi ameandika "asile kitu", lakini hakuandika saa ngapi. Huyu bila ziwa usiku hatulali.
*Mama na Baba R., Dodoma*

Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni hii: uji, maziwa ya kopo, ya ng'ombe na chakula chochote, mwisho saa sita kabla ya dawa. Ziwa la mama, mwisho saa nne kabla. Maji matupu, mwisho saa mbili kabla. Kama kaitwa saa 2:00 asubuhi, uji uishe kabla ya saa 8:00 usiku, ziwa la mwisho saa 10:00 alfajiri, na maji vijiko kadhaa hadi saa 12:00. Hospitali yenu ikitoa saa tofauti, fuateni za kwao. Muulizeni mtoa dawa ya usingizi, na mwandike saa kamili za ukutani, siyo "saa nne kabla", kwa sababu usingizini hesabu hupotea.

Sababu ni moja. Mtu aliyelala kwa dawa hana uwezo wa kujizuia asipaliwe, na kilichomo tumboni kikipanda kinaingia mapafuni. Mama anayemwonea mtoto huruma akamnyonyesha kwa siri mlangoni pa chumba cha upasuaji anamweka kwenye hatari kubwa kuliko mkato wenyewe. Ikitokea, sema. Watasogeza saa, hawatakugombeza kiasi cha kukuua.

Lakini msimfungishe kupita kiasi nako. Mtoto wa miezi 11 asiyekula tangu jioni hadi saa sita mchana anaishiwa sukari na maji. Ombeni awe wa kwanza kwenye orodha. Mwamsheni kusudi saa 10:00 anyonye vizuri. Kuanzia hapo abebwe na baba au shangazi, kwa sababu akisikia harufu ya mama atadai haki yake. Mafua yenye homa, kikohozi chenye makohozi au kuharisha siku mbili tatu kabla, toeni taarifa mapema. Mkato huu unaweza kusogezwa wiki moja bila madhara, ilimradi hogo libaki mahali pake.

Miguu ya binti yangu sasa imenyooka, mizuri, hata jirani haamini. Amepewa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma, avae saa 23 kwa siku. Analia sana, bibi yake anavivua usiku kwa huruma. Kwa kuwa imeshanyooka, tukimwachisha kuna ubaya gani?
*Mama T., Mwanza*

Mama T., barua yako ndiyo iliyotufanya tutenge kurasa hizi. Mguu wa binti yako umenyooka, haujapona. Kile kilichoukunja tumboni bado kinafanya kazi, na nguvu yake ni kubwa wakati mtoto anapokua haraka, yaani miaka hii ya mwanzo. Kitabu cha mafunzo ya njia ya Ponseti kinataja tofauti inayotisha: kwenye familia zilizovisha viatu kama ilivyoagizwa, mguu ulirudi kupinda kwa watoto 6 katika 100. Zilizoacha, zaidi ya 80 katika 100. Mkato, mahogo, nauli na siku za kazi ulizopoteza vinategemea usingizi wa binti yako akiwa amevaa.

Hesabu ni hii. Miezi mitatu ya kwanza baada ya hogo la mwisho: saa 23, ile moja ni ya kuoga na kucheza. Baada ya hapo: saa 12 hadi 14, yaani usiku kucha na usingizi wa mchana, mpaka afikishe miaka minne au mitano. Mtoto aliyeanza hogo wiki ya pili, akakatwa wiki ya nane, akatolewa hogo wiki ya 11, atakuwa huru mchana akiwa na miezi sita, kabla hata hajaanza kutambaa vizuri. Viatu hivi havimcheleweshi kutembea.

Sasa kilio. Siku mbili tatu za mwanzo analia kwa sababu akirusha mguu mmoja na wa pili unavutwa. Mfundishe: mlaze chali, shika chuma katikati, sukuma magoti yakunjike yote mawili kwa pamoja, kisha vuta yanyooke, ukimwimbia. Dakika tano, mara kadhaa kwa siku. Akishajua kwamba miguu inaenda pamoja, kilio kinakwisha. Chuma kizungushie kitambaa ili kisimgonge yeye wala wewe. Akiwa navyo, mgongoni kwa khanga haiwezekani, kwa kuwa chuma hakimruhusu kukupanda miguu pande mbili. Mbebe kifuani au umpakate, na ile saa moja ya uhuru ndiyo ya mgongo.

Kilio kisichokwisha, au kinachoanza baada ya wiki ya utulivu, kina sababu kwenye kiatu. Vua uangalie. Wekundu hafifu unaofifia ni kawaida. Wekundu mkali au lengelenge nyuma ya kisigino maana yake kiatu *hakijakazwa* vya kutosha: kisigino kinapanda na kushuka na kusugua. Mama wengi wakiona lengelenge wanalegeza, na kesho yake ni kidonda. Usipake mafuta juu ya wekundu, yanailainisha ngozi ipasuke upesi.

Kuvisha kwenyewe: soksi ya pamba isiyo na mshono mnene, moja tu. Anza na mguu uliokuwa mbaya zaidi. Kunja goti, ingiza unyayo, bonyeza kisigino kiende nyuma na chini kabisa, kisha kaza mkanda wa katikati *kwanza*, kabla ya kamba. Chungulia kwenye kitundu kilicho nyuma ya kiatu: kisigino kionekane kimekaa chini. Hakionekani? Vua uanze upya. Kisha funga kamba kuanzia vidoleni kwenda juu. Siku ya kwanza ambapo vimekaa sawasawa, weka alama ndani ya kiatu vidole vinapoishia. Kesho vidole vikiwa nyuma ya alama, kisigino kimepanda.

Angalia pia vipimo. Visigino viachane kwa upana wa mabega ya mtoto. Kiatu cha mguu uliotibiwa kielekee nje nyuzi 60 hadi 70, na kama mguu mmoja ulikuwa mzima, wake nyuzi 30 hadi 40. Chuma chembamba kuliko mabega kinamchosha, na ndicho chanzo cha kilio kimoja kisichoeleweka. Mtoto anapokua, mara nyingi kila miezi mitatu minne katika mwaka wa kwanza, vidole vikijikunja kwenye ukingo rudi ubadilishiwe. Viatu vingi vinavyotumika ukanda huu ni vya mtindo wa Steenbeek, uliobuniwa Uganda: ngozi, mbao na fito ya chuma, vitu ambavyo fundi wa hapa anaweza kuvitengeneza. Kamba ikikatika usikae nacho nyumbani wiki nzima ukingoja kliniki.

Bibi mpe kazi, asibaki mtazamaji. Yeye ndiye awe mvishaji wa jioni: kuoga, kunyonya, viatu, wimbo, kulala, kila siku kwa mpangilio huohuo. Mtoto aliyezoea hivyo, akifika miaka miwili ataleta viatu mwenyewe.

Mume wangu na ndugu zake wanasema kwao hakuna mlemavu, nieleze nilifanya nini. Wengine wanasema niliruka kamba ya mbuzi nikiwa mjamzito.
*Jina limehifadhiwa, Singida*

Hukufanya kitu, dada. Kwa watoto wengi chanzo hakijulikani. Unyayo huanza kupinda ndani ya miezi ya katikati ya mimba, na hausababishwi na kuruka kamba, kumcheka kilema wala ugomvi. Wakati mwingine upo kwenye damu ya ukoo, wa mama au wa baba, na unaweza kuruka vizazi. Kwa hiyo "kwetu hakuna" haithibitishi lolote juu yako. Mpe mumeo barua hii asome yeye mwenyewe. Halafu mwombe aje siku ya kubadilisha hogo, amshike mtoto mikono na kumpa chupa ya maziwa uliyokamua, kwa sababu misuli ya mguu inalegea mtoto anaponyonya na hogo linakaa vizuri. Ana nafasi yake pale, na kliniki inamhitaji.

Mwanangu alitibiwa vizuri, sasa ana mwaka na nusu. Kigimbi cha mguu ule ni chembamba na kiatu chake kinapwaya. Walimkosea?
*Mama wa Kericho*

Hapana. Kigimbi chembamba na unyayo mfupi kidogo ni sehemu ya kifundo tangu tumboni, na vitabaki hivyo hata ukubwani. Havimzuii kukimbia wala kucheza mpira. Nunua viatu vya mchana kwa kipimo cha mguu mkubwa, weka soli ya ndani kwenye ule mdogo. Vya mchana viwe vya kawaida tu, havihitaji kuwa vya hospitali.

Wa kwangu ana miaka mitatu na nusu. Viatu vya usiku tuliacha mwaka jana. Naona anakanyagia upande wa nje wa unyayo. Atapasuliwa upya?
*Baba J., Goma*

Mwambie achuchumae sakafuni, bila viatu, visigino chini. Mtoto mwenye miguu mizima huchuchumaa hivyo bila kufikiri. Kama kisigino cha mguu ule hakigusi chini, au anaanguka nyuma, kano imeanza kufupika tena. Kisha mtazame akija kwako: unyayo ukiinuka na kugeukia ndani kila anaponyanyua mguu, kuna msuli wa mbele wa mguu unaouvuta upande mmoja.

Mguu uliorudi hautibiwi kwa operesheni kubwa ya kufungua viungo vyote kama zamani. Ile iliacha miguu mingi migumu na yenye maumivu ukubwani, ndiyo maana imeachwa iwe ya mwisho kabisa. Ataanza tena na mahogo, mara nyingi moja hadi matatu, kila moja wiki moja au mbili. Kano ikikataa, inakatwa tena kama mwanzo. Na kwa kuwa amepita miaka miwili na nusu, daktari anaweza kushauri kuhamisha kano ya ule msuli wa mbele ipachikwe katikati ya unyayo, ili msuli uleule uliokuwa unapindisha sasa uinue mguu ukiwa umenyooka. Hiyo ni ya dawa ya usingizi, na hogo lake ni wiki sita. Mpeleke mwezi huu. Kwa sasa mguu huo bado ni laini, na mahogo matatu yanaweza kutosha.